Dume wako ana cheti cha ukoo, sawa, ila ndo apandishe?

Weka picha ya mbwa dume mtandaoni, kichwa kipana, kifua kimejaa, manyoya yanang'aa, afu kaa usubiri. Nusu saa haiishi kuna mtu ashaandika "kaka huyo ana karatasi? nina jike hapa, tupandishe tugawane watoto". Mwingine anakuja anasema usipompandisha atakua mkali, mwingine anasema atapata kansa, mwingine anakupigia hesabu kabisa, watoto 8 mara bei ya mtoto mmoja, na mwenye mbwa, ambaye mpaka jana alikua na mbwa wake tu wa kumpokea getini, ghafla anajiona ana mradi.

Hili swali nimeulizwa sana, na mi mwenyewe nishawahi kulijibu vibaya (nitafika huko), kwaiyo leo nataka nilifungue taratibu, maana maneno yanayotembea yamechanganyika, kuna ya kweli kidogo, kuna ya uongo, na kuna ya mtu anayetaka tu dume wako ampandie jike wake bure.

Tuanze na maneno yenyewe. Mbwa wa ukoo, au pyua kama wengi wanavyosema, ni mbwa ambaye baba, mama, mababu na mabibi zake wanajulikana kwa majina na wameandikwa kwenye daftari la chama cha mbwa. Hivi vyama havijaanza juzi, The Kennel Club ya Uingereza ni ya 1873, American Kennel Club ya Marekani ni ya 1884, na FCI ambalo ni shirikisho la kimataifa lilianza 1911. Dume la mbegu ni dume ambaye mwenyewe ameamua kumtoa apande majike wa watu wengine, iwe kwa kulipwa au kwa kuchukua mtoto mmoja wakizaliwa. Joto ni kile kipindi jike anatoka damu, anavimba nyuma, na siku kadhaa baadae anakubali dume, na majike wengi wanaingia joto kila baada ya miezi 6 au 7 hivi. Mengine tutayaokota njiani.

Sasa hicho cheti cha ukoo watu wanakielewa vibaya mno. Cheti cha ukoo ni kama cheti cha kuzaliwa cha mtu, kinasema baba yako fulani, mama yako fulani, ulizaliwa tarehe fulani, basi. Hakisemi una macho mazima, hakisemi una moyo mzima, hakisemi una akili zako. Mtu anaweza kua na cheti cha kuzaliwa amekilaminetisha na kukitia fremu na bado ana kisukari. Kwaiyo mtu akikwambia "huyu ana karatasi" kama ndo sababu ya kupandisha, amekwambia tu kwamba mbwa ana baba. Kila mbwa ana baba.

Na hapa ndo nnapotofautiana na wengi. Watu wanauliza "dume wangu ni mzuri?" na jibu wanalo tayari, wa kwako siku zote ni mzuri. Swali la kujiuliza ni hili, asipozaa kabisa, jamii yake, yani mbwa wote wa aina yake, itapungukiwa na nini? Ukikaa ukatafuta jibu ukakuta unasema "itapungukiwa na sura yake nzuri", basi dume wako ni kipenzi, muache awe kipenzi, haina aibu yoyote. Ukikuta unaweza kusema "ana nyonga safi, ana tabia tulivu hata mtoto akimvuta masikio, na damu yake haifanani na ya madume wengine wanaotumika sana", hapo sasa tunaweza kuanza kuongea.

Nyonga ya kushoto

Niwape ya kwangu. Nilikua na German Shepherd, dume, jitu kubwa lenye mwendo mzuri, lilikua linaruka ukuta wa kifuani kama halina uzito. Miezi 14 tu nikampandisha. Mwenye jike alikua rafiki, jike alikua mzuri, kila mtu alikua na furaha, na hakuna aliyepima kitu. Alipofika miaka 2, jamaa mmoja mfugaji wa siku nyingi akaniuliza nyonga zake zina gredi gani, nikamwambia mbwa anaruka ukuta huyu, nyonga za nini tena. Akacheka. Nikaenda kumpiga eksirei ili nimuoneshe.

Wanamlaza kwa dawa ya usingizi, chali, miguu ya nyuma inavutwa imenyooka na kuzungushwa kidogo kwa ndani ili magoti yaangalie juu. Daktari akaweka picha kwenye skrini. Kawaida kichwa cha mfupa wa paja ni duara kama mpira mdogo na kinakaa ndani kabisa ya kikombe cha nyonga. Upande wa kulia kilikua kimekaa. Upande wa kushoto kikombe kilikua kifupi kama kisosi na nusu ya mpira ilikua nje. Nikauliza mbona hachechemei, daktari akasema ndo kazi ya misuli hiyo, inashikilia, siku ikichoka utaona. Mbwa hajawahi kuchechemea hata siku moja mbele yangu, mpaka siku hiyo.

Ndo maana wenye kujua hawaangalii mbwa anavyokimbia. Kwenye mfumo wa FCI nyonga zinapewa herufi A mpaka E, A ni safi na E ni mbaya kabisa, na Wamarekani wana taasisi yao inaitwa OFA, yenyewe haitoi cheti cha mwisho cha nyonga mpaka mbwa afike miezi 24. Hiyo miezi 24 ina sababu, mifupa inakua bado inabadilika. Mimi nilipandisha kwenye 14. Dume anaweza kuzalisha akiwa na miezi 8 au 10 tu, kuweza anaweza, ila kuweza hakukuambii kama kinachopita kwenda kwa watoto ni kizuri.

Na kuna magonjwa yanasubiri mpaka uzeeni. Dobermann wana ugonjwa wa misuli ya moyo ambao mara nyingi unajitokeza mbwa akiwa mtu mzima kabisa, ameshazaa, na watoto wake nao wameshazaa. Cavalier King Charles Spaniel wana shida ya valvu ya moyo, na wafugaji makini wa jamii hiyo wana mwongozo unaosema mbwa asizae kabla ya miaka 2 na nusu, na wazazi wake wawe walifika miaka 5 mioyo yao ikiwa safi. Kwaiyo ukiona mtu anatangaza dume wa mwaka mmoja "yuko tayari kwa kazi", jua anakuuzia kitu ambacho hata yeye hajakiona chote.

Mbebaji sio mgonjwa, lakini

Jeni ndo panapowachanganya watu zaidi, wakati karibu wote mnaijua sikoseli. Mtu mwenye AS, yani nakala moja ya jeni ni nzima na moja ni mbovu, hana ugonjwa, anaishi vizuri tu, anacheza mpira. AS akimuoa AA, mwenye nakala zote mbili nzima, hakuna mtoto mwenye ugonjwa. AS na AS wakikutana, kila mimba ina nafasi 1 kwenye 4 ya mtoto SS, mwenye nakala zote mbili mbovu, na huyo ndo mgonjwa. Magonjwa mengi ya kurithi ya mbwa yanaenda hivyo hivyo. Kuna ugonjwa wa macho unaua seli za nyuma ya jicho polepole, mbwa anaanza kugonga vitu usiku, baadae anapofuka kabisa, na aina zake nyingi zinarithiwa kwa mtindo huo wa AS na AS. Kipimo cha DNA, ambacho ni usufi tu unapitishwa shavuni au damu kidogo, kinakupa jibu moja kati ya matatu, msafi (kama AA), mbebaji (kama AS), au ana nakala zote mbili mbovu (kama SS).

Sasa kosa la kwanza ni kutopima. Kosa la pili, ambalo nalo ni baya, ni kupima afu ukakuta dume ni mbebaji ukamfuta kabisa kama takataka. Mbebaji akipandishwa na jike msafi, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kua mbebaji, na hakuna hata mmoja atakayeugua kwa huo ugonjwa. Kama dume huyo ana mambo mengine mazuri unaweza kumtumia kwa majike wasafi tu na watoto wanaobaki kwenye uzazi nao wakapimwa. Ukifuta wabebaji wote wa kila ugonjwa utajikuta umebaki na mbwa wachache mno, na hao wachache nao watakua ndugu.

Undugu una hesabu yake pia. Baba kwa binti, au kaka kwa dada wa damu moja, watoto wanapata asilimia 25 ya kile wataalamu wanaita kiwango cha uzazi wa ndani, yani nafasi kwamba nakala mbili za jeni alizonazo mtoto zimetoka kwa babu yule yule mmoja. Ndugu wa baba mmoja mama tofauti, asilimia 12.5. Watoto wa ndugu, asilimia 6.25. The Kennel Club ya Uingereza iliacha kusajili watoto wa mzazi na mwanae au wa ndugu wa damu tangu 2009. Lakini hapo ndo ujanja wa cheti unapoonekana, maana ukiangalia vizazi 3 unaweza usione jina likijirudia, ukienda vizazi 8 unakuta babu yule yule ametokea mara 6.

Afu kuna mambo ya rangi. Siku hizi rangi "adimu" ndo zina soko, na hapo nina ugomvi nako kidogo. Merle, ile ya mabaka mabaka kama marumaru, ni nzuri mbwa akiwa na nakala moja ya hiyo jeni. Ukipandisha merle kwa merle kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata nakala mbili, na hao mara nyingi wanazaliwa weupe weupe, na wako kwenye hatari kubwa ya kua viziwi, vipofu au vyote. Mtu akikuletea jike merle na dume wako ni merle, jibu ni hapana, hata kama amekuja na mama yake mzazi kukuomba.

Dume bingwa na watoto mia

Hili watu hawalipendi. Tuchukue dume ameshinda maonesho, kila mtu anamtaka, anapanda majike 60, kila jike anazaa watoto 6, hao ni watoto 360. Afu fanya huyu bingwa ana nakala moja tu ya jeni mbaya ambayo bado haina kipimo. Kwa hesabu ya kawaida karibu 180 wameichukua. Miaka mitatu minne baadae hao watoto wanapandishana wenyewe kwa wenyewe kwasababu kila unakogeuka ni mtoto wa bingwa, na ugonjwa ambao haukuwepo kwenye jamii unaanza kuonekana kila uzao, watu wanashangaa umetoka wapi. FCI kwenye mwongozo wake wa uzazi inashauri dume mmoja asizidi asilimia 5 ya watoto wote wanaosajiliwa kwenye jamii yake ndani ya miaka 5. Ni ushauri, na wengi wanaupita tu.

Inaweza kufika pabaya zaidi. Dalmatian, wale weupe wa madoa, ilifika mahali mbwa wote wa jamii hiyo wana nakala mbili za jeni inayofanya mkojo ujae asidi ya yuriki, madume wanapata mawe kwenye kibofu, na hakuna Dalmatian hata mmoja msafi wa kupandisha nae. 1973 mwanajenetiki wa Marekani, Robert Schaible, akapandisha Dalmatian na Pointer, mbwa wa jamii nyingine kabisa, mara moja tu, afu vizazi vilivyofuata vyote akavirudisha kwa Dalmatian. Mbwa walitoka Dalmatian kabisa, madoa na kila kitu, na mkojo wa kawaida. American Kennel Club iliwakubali kuwasajili 2011. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi ya watu kubishana kuhusu Pointer mmoja.

Kwaiyo angalia mambo yanavyogeuka. Dume wako ambaye hana kombe hata moja, ila ni mzima, amepimwa, ana tabia nzuri, na anatoka kwenye mstari usiojulikana sana, anaweza akawa na thamani kwa jamii yake kuliko bingwa ambaye kila mtu ana mtoto wake. Na dume wako mwenye makombe, kama kaka zake watatu tayari wako kazini, anaweza asiongeze chochote. Ndo maana ya lile swali langu la mwanzo.

Kabla ya jike yeyote kuingia getini

Haya sasa, tuseme umeshajijibu na umeona ndio. Kwanza gusa korodani. Zinatakiwa ziwe mbili na zote zimeshuka, kawaida mtoto wa mbwa zinakua zimeshuka akiwa na miezi 2 hivi, ikifika miezi 6 moja haijashuka hiyo haishuki tena. Dume wa korodani moja anaweza kuzalisha vizuri tu na hapo ndo hatari, maana hiyo kasoro inarithiwa, na ile iliyobaki tumboni ina uwezekano mkubwa zaidi wa kugeuka uvimbe. Huyo hapandishwi, anahasiwa.

Pima mbegu. Daktari wa mifugo anachukua shahawa anaangalia kwenye hadubini, anataka kuona asilimia 70 na kuendelea zinaogelea kwenda mbele na nyingi zina umbo la kawaida. Kitu ambacho wengi hawajui, mbegu zinachukua kama miezi 2 kutengenezwa, kwaiyo mbwa akiugua homa kali leo, matokeo unaweza kuyaona wiki kadhaa mbele, anapanda kama kawaida na jike hashiki mimba, afu lawama zinaenda kwa jike.

Magonjwa ya kuambukizana, hapa usiwe na aibu wala urafiki. Kuna bakteria anaitwa Brucella canis, anaenda kwa kupandana na kwa majimaji ya uzazi na mkojo, jike anatoa mimba ikiwa imeshakua kubwa, dume anavimba korodani na baadae anakua tasa. Dawa zipo lakini kumsafisha mbwa kabisa ni ngumu, na binadamu anaweza kuambukizwa pia. Kipimo ni cha damu, wote wawili wapimwe kabla, na sio kipimo cha mwaka jana. Kingine ni ile kansa ya sehemu za siri inayoambukizwa, ambayo ni kiumbe cha ajabu kweli, seli zenyewe za kansa zinahama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine wakipandana, ilianzia kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita na mpaka leo bado anasafiri kwa namna hiyo. Inatibika kwa dawa za kansa, ila dume asiyekaguliwa anaweza kuisambaza kwa majike wengi kabla mwenyewe hajaona damu ikidondoka.

Siku yenyewe

Watu wanadhani ukishawaweka pamoja wao wanajua. Wanajua kiasi. Kawaida jike ndo anasafiri kwenda kwa dume, kwasababu dume akiwa kwake anajiamini zaidi. Ile ya "siku ya 10 na ya 12" ni kubahatisha tu, kuna jike anaiva siku ya 7 na kuna wa siku ya 18. Mayai ya jike yanatoka yakiwa machanga, yanahitaji kama siku 2 zaidi ndo yawe tayari, kwaiyo wenye kutaka uhakika wanapima damu ya jike homoni ya projesteroni mara kadhaa wajue mayai yametoka lini. Bahati nzuri mbegu za dume zinaweza kuishi ndani ya jike siku 5 au zaidi, ndo maana hata wanaobahatisha wanapata.

Afu kuna kushikana. Siku ile ya kwanza ya kwangu, dume amepanda, sekunde chache akageuka wakabaki matako kwa matako wameganda, jike akalia kidogo, mwenye jike akakimbilia ndoo ya maji. Nilimshika mkono. Kuna sehemu ya uume wa mbwa inavimba ndani na kujifunga, ndo maumbile, inachukua dakika 10 mpaka 30, wakati mwingine saa nzima, na ukiwavuta au kuwamwagia maji wakashtuka unaweza kuwaumiza wote wawili vibaya. Sisi tulikaa chini kwenye majani, yeye kashika kola ya jike, mimi ya dume, dakika 25, hatuna la kuongea. Kazi ya dume la mbegu kwa mwenye dume ni hiyo, kukaa kwenye majani.

Na sio lazima wakutane kabisa. Jike wa kwanza kupewa mbegu kwa mkono na ikaandikwa kisayansi alikua mbwa, miaka ya 1780, Muitalia Lazzaro Spallanzani, akapata watoto 3 siku 62 baadae. Leo mbegu zinapozwa na kusafirishwa au zinagandishwa na kukaa miaka, na uzao wa kwanza wa mbwa kwa mbegu zilizogandishwa uliandikwa 1969. Kwahiyo dume anaweza kuzaa akiwa ameshakufa, jambo ambalo linafanya ule uamuzi wako uwe mzito zaidi.

Yale ya kusikia

"Asipopanda hata mara moja atachanganyikiwa." Hapana. Mbwa hana kumbukumbu ya kitu ambacho hajakifanya. Mara nyingi inakua kinyume, dume akishaonja anaanza kukojolea kona za nyumba, akisikia harufu ya jike mtaa wa tatu hali, halali, anatafuta tundu kwenye uzio. Ulimpandisha atulie, sasa una mbwa wa kutafuta usiku.

"Kupanda kunazuia kansa." Hakuzuii. Dume asiyehasiwa, awe amepanda au hajapanda, tezi dume lake linakua kubwa kadri anavyozeeka, kama ilivyo kwa wanaume.

"Dume ndo anaamua idadi ya watoto." Idadi inategemea kwanza mayai mangapi jike ametoa. Dume anaamua mtoto awe dume au jike, hilo kweli ni lake, na mbegu dhaifu zinaweza kupunguza watoto.

"Jike akipandwa na koko ameharibika, watoto wote wa mbele watakua na damu ya koko." Hii ni ya zamani sana na haina ukweli wowote, kila uzao ni wa baba wa uzao huo. Ila kuna inayofanana nayo ambayo ni kweli, jike mmoja anaweza kubeba watoto wa baba wawili kwenye mimba moja akipandwa na madume wawili kwenye joto moja. Kwaiyo ukishamaliza kazi mwambie mwenye jike amfungie mpaka joto liishe, la sivyo utaitwa baba wa watoto usiowajua.

Hela, na daftari

Kwenye hela nitapita haraka. Vipimo vyote hivyo ni vyako kulipa, na unavilipa kabla hujapata jike hata mmoja. Dume mmoja anaweza kuhudumia majike wengi, kwaiyo madume wachache wanachukua karibu kazi zote na waliobaki wanakaa. Wanaoingia kwenye hili kwa ajili ya hela wengi wanatoka na bili.

Ila mkataba andika, hata na ndugu yako, hasa na ndugu yako. Majina ya mbwa wote wawili na namba zao za usajili na za chipu (kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi), tarehe za kupandana, malipo ni nini na yanatoka lini, na kama ni mtoto, anachaguliwa wa ngapi na akiwa na wiki ngapi, na je akizaliwa mtoto mmoja tu inakuaje. Ugomvi mkubwa unakuja jike asiposhika. Kwenye kanuni za FCI malipo ni ya kupandisha, sio ya mimba, dume akishapanda amemaliza kazi yake, na ni hiari ya mwenye dume kurudisha sehemu ya hela au kutoa nafasi nyingine bure joto linalofuata. Sasa mwenye jike kama hajui hilo atakuona tapeli, kwaiyo aisome na aisaini kabla.

Na una haki ya kukataa jike. Jike mkali kupita kiasi, jike mwenye uoga wa kujificha, jike ambaye hajapimwa, jike ambaye mwenyewe hana jibu ukimuuliza watoto wataenda wapi. Tabia inarithiwa pia, na lawama za mtoto mkali zitarudi kwenye jina la dume wako, sio la jike.

Kitu cha mwisho ni daftari. Andika kila mtoto, alizaliwa lini, yuko kwa nani, namba ya simu, na kila mwaka piga uulize anaendeleaje. Mi daftari langu nililianza nikiwa nimechelewa, usiku wa ile eksirei. Nilimpigia kwanza mwenye jike nikamwambia nyonga ya kushoto imetoka vibaya, akanyamaza muda mrefu sana, afu akaanza kunitajia waliochukua watoto, mmoja mmoja, kadri anavyowakumbuka. Walizaliwa 7. Niliowapata ni 5. Wanne wazima mpaka sasa, mmoja, jike, alianza kushindwa kupanda ngazi kabla hajafika miaka 3. Wawili waliobaki bado nawatafuta, mmoja nasikia aliuzwa tena na tena, na wa pili ni dume.